Ibada ya Saa Moja

Bwana Thaddeus Gaines alikuja kuizika Korongo, timu yetu ya besiboli, siku ya Jumanne, akiwa amevaa suti ileile nyeusi anayozikia watu. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akavua kofia, akakikagua kiti kama kina unga, kisha akaketi. Verdell Pettiford alikuwa akipiga pasi jezi ya kumi na moja kati ya kumi na tano. Mumewe Lucius, mtunza uwanja, alikuwa akinywa kahawa, chokaa ya mistari ya uwanjani imempanda mpaka vifundoni.

"Lucius," alisema Gaines, kwa ile sauti yake ya kuwatajia wafiwa bei ya jeneza, "mimi nimefika mwisho."

"Mwisho wa nini, Bwana Gaines?"

"Wa Korongo. Mwaka jana nimelipia basi, nimelipia mipira, nimelipia wachezaji, na viti vikakaliwa na njiwa."

"Mwaka jana mvua ilitusumbua."

"Acha mvua. Watu wetu hawakuwa wanauliza habari za mvua. Walikuwa wanauliza yule kijana wa Brooklyn jana kapiga ngapi. Hata wewe uliniuliza, tena kwenye maziko."

Lucius aliinamia kahawa yake, maana kweli aliuliza. Tangu kijana huyo, mmoja wetu sisi weusi, aruhusiwe kucheza na wazungu katika ligi yao kubwa, mji mzima wa Marlow ulijifunza kusoma gazeti kuanzia ukurasa wa nyuma.

"Jumapili tunafungua msimu," Gaines aliendelea. "Nikiona watu elfu mbili uwanjani, tunacheza mpaka mwezi wa tisa. Nisipowaona, nauza basi. Kuna mtu wa tumbaku ng'ambo ya mto analitaka. Na nyumba hii, mnajua wenyewe, ni mali ya timu."

Verdell aliiacha pasi pale ilipo. "Miaka ishirini na mbili, Bwana Gaines. Binti yangu kazaliwa chumba kile pale. Wachezaji wako wanalala chumba kile pale, kwa sababu hoteli ya mjini haiwataki. Unauza pamoja na mashuka, au nibaki nayo?"

"Dada Verdell, mimi nazika watu kila wiki, kuzika timu moja sitashindwa. Lakini usidhani nafurahi." Aliinuka, akavaa kofia. Mlangoni akageuka. "Na hiyo jezi inaungua."

Kweli ilikuwa inaungua.

Korongo ilianzishwa mwaka 1923 na vinyozi wanne, shemasi mmoja na marehemu baba yake Gaines, aliyetoa pesa kwa sharti kwamba bango la nyumba yake ya maziko litundikwe kwenye uzio wa uwanja, ili mtu akishangilia akumbuke anakoelekea. Gazeti la mjini, ambalo kila mwaka liliandika uzito wa nguruwe aliyeshinda maonyesho, halikuwahi kuandika mechi yetu hata moja. Kwa hiyo historia ya timu ilikaa vichwani mwa watu, na kichwani mwa Lucius ndiko ilikokaa kwa mpangilio. Muulize nani alirusha mpira Jumapili ya pili ya mwezi wa sita mwaka 1934, atakwambia, na atakwambia pia siku hiyo alikuwa anaumwa jino gani.

Katika miaka miwili, wachezaji watatu bora wa Korongo walichukuliwa na timu za wazungu, na hakuna aliyelipa senti wala aliyeandika barua ya ahsante. Nasi tulipiga makofi mpaka viganja vikauma, maana hilo ndilo tulilokuwa tukiliomba kanisani tangu enzi za babu zetu. Hakuna aliyetuonya kwamba dua ikijibiwa huja na mzigo wake.

* * *

Sasa, Marlow tulikuwa na desturi. Jumapili ya kufungua msimu, Mchungaji Crumbley aliisogeza ibada kutoka saa tano hadi saa nne, akafupisha mahubiri, na watu wakatoka kanisani na nguo zao nzuri moja kwa moja hadi uwanjani, bendi mbele, kofia za akina mama nyuma. Kila mwaka Lucius alikwenda kumwomba siku ya Jumatano, na kila mwaka mchungaji alijifanya anafikiri. Safari hii Lucius alikwenda akiwa na nyumba ya kupoteza. Aliingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake, kwa sababu ya chokaa kwenye viatu.

"Mchungaji, nimekuja kwa lile la kila mwaka."

"Lipi?"

"La saa ya ibada, Jumapili."

"Aaa! Ndugu Pettiford, hilo limekwisha. Jumapili ibada ni saa moja asubuhi."

Lucius alimkodolea macho. "Saa moja? Si saa nne?"

"Saa moja kamili. Saa mbili wote mko nje. Na mahubiri dakika kumi."

"Wewe? Dakika kumi?"

"Roho akitaka anaweza kusema mengi kwa dakika kumi," alisema mchungaji, kidogo ameudhika.

"Na watu wamekubali kuamka?"

"Kukubali! Sijaona waumini wenye hamu namna hii tangu niwe mchungaji. Mia nne wameshajiandikisha, na wale wa kanisa la Bethel wanaongeza mia tatu. Wengine hawajakanyaga hapa tangu vita."

"Wamejiandikisha!" Lucius alishika meza. Kwa miaka ishirini na mitano watu walikuja kwa Korongo kama wanavyokuja kwa shangazi, wakijisikia. Leo wanajiandikisha! "Mchungaji, Mungu akubariki. Sikujua kama watu wanatupenda hivi."

"Watu wamechoka kusimuliwa, Ndugu Pettiford. Wanataka kuona kwa macho yao."

"Wataona! Wataona!"

Mchungaji hakudanganya. Tangazo la treni maalumu ya kwenda Cincinnati lilikuwa limebandikwa kwenye mlango mkubwa wa kanisa wiki tatu, herufi ukubwa wa kiganja, na haikumpitia akilini kwamba kuna muumini anayeingilia nyuma tu. Kwenye chumba cha pili, Ernestine, binti wa pekee wa Lucius, karani wa kanisa, aliacha kupiga taipu. Baba yake alipopita alimkonyeza, akatoka akipiga mluzi.

* * *

Alhamisi na Ijumaa Lucius alifanya kazi ya watu wanne. Alipaka uzio rangi. Aliazima viti sitini vya kukunja kutoka kwa Gaines, vile wanavyokalia wafiwa. Alipigilia mabenchi mapya, na aliyemshikia mbao alikuwa Spoon Beasley, mdakaji wa Korongo, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, mpangaji wa chumba chao cha mbele kwa miaka kumi na saba. Spoon alikuwa na miaka arobaini na moja. Milango ya wazungu ilipofunguliwa, magoti yake yalikuwa yameshafunga.

"Watakuja kweli, mzee?" Spoon aliuliza. "Mimi nimezoea kucheza mbele ya njiwa."

"Wamejiandikisha, Spoon. Majina kwenye karatasi!"

"Basi nitanyoa."

Kila aliyepita njiani Lucius alimpigia kelele: "Jumapili tuonane mapema!" Na kila aliyepita alijibu: "Mapema kabisa, Ndugu Pettiford!" Nami nilijibu hivyohivyo. Niliona viti vile sitini, nikaelewa kwamba hajui habari za treni, nikaongeza mwendo. Asiyejua maana haambiwi maana, husema wazee. Lakini ukweli ni kwamba tuliona aibu, na kila mmoja alimwachia mwenzake.

Ijumaa jioni Ernestine alimkuta mama yake uani akianika soksi za timu.

"Mama, Baba hajui. Anadhani wale watu ni wa Korongo."

"Nipe vibanio."

"Mama, mji mzima unapanda treni Jumapili. Saa mbili na dakika arobaini. Wanakwenda kumwona yule mtu wa Brooklyn."

"Najua."

"Nami najua unajua, kwa sababu orodha nimeipiga taipu mimi," alisema Ernestine. "Namba mia mbili na kumi na saba. V. Pettiford. Nikajidanganya ni shangazi Viola."

"Viola yuko kaburini, Mungu amrehemu. Angekuwa hai angetaka kiti cha dirishani." Verdell alibana soksi mbili, akarudi akazibana upya ingawa zilikuwa zimeshika. "Ni pesa zangu za mayai. Sikuiba."

"Sijasema umeiba. Ila wewe, Mama? Wewe?"

"Mimi, ndiyo. Miaka ishirini na mbili nafua nguo za wanaume hawa. Nawajua kwa madoa. Mechi zenyewe nazisikia kwa dirishani, mikono iko kwenye sabuni. Nataka kabla sijafa nimwone mmoja wetu ambaye jezi yake inafuliwa na mzungu. Nikae, nimwangalie anachafuka, na isinihusu!"

Ernestine alicheka bila kupenda. Kisha machozi yakamlengalenga. "Na Baba?"

"Nilitaka kumwambia Jumatano. Kabla sijafungua mdomo akanishika kiuno akacheza nami hapo jikoni. Mara ya mwisho kucheza nami ilikuwa harusini kwetu, na siku hiyo alikuwa amelewa. Haya, wewe mwenye moyo, kamwambie."

Ernestine alikwenda hadi uwanjani. Alimkuta baba yake amepiga magoti, anang'oa jani mojamoja kwenye udongo wa kituo cha tatu cha wakimbiaji, anaimba. Akamwuliza kama anataka chai, akarudi.

* * *

Jumapili saa moja kanisa lilijaa mpaka ngazini. Lucius alikaa benchi la tatu, suti ya kahawia, tai ya Korongo ya bluu. Kila alipogeuka aliona sura zilizonyolewa, kofia mpya, glavu nyeupe. Aliona pia maboksi ya viatu yaliyofungwa kwa kamba, juu ya mapaja na chini ya mabenchi, na kanisa zima linanukia kuku wa kukaanga.

"Kuku wote hao!" alimnong'oneza mtu aliyekaa nyuma yake. "Mnadhani tutacheza mpaka usiku?"

Mtu huyo alikuwa mimi. Nililisukuma boksi langu kwa kisigino, nikaangalia dari. Hakuna mtu mweusi Marlow asiyejua boksi la viatu lenye kamba ni la nini: ni la treni, ambako behewa la chakula si letu. Lucius mwenyewe alishayabeba mara ngapi. Lakini mtu akipewa alichokitamani miaka mingi, haangalii kimefungwa kwa kamba gani.

Mahubiri yalikuwa dakika kumi kweli. Kisha mchungaji akainua mikono. "Bwana, watangulie wasafiri hawa mia saba. Yalinde magurudumu ya treni yao, wafike Cincinnati salama, warudi salama. Na tunakushukuru, Bwana, kwa ajili ya timu yetu ya Korongo, iliyotutunza wakati wa giza. Kama si Korongo, nani angejua kwamba tunaweza? Uipumzishe panapostahili. Amina."

"Amina," kanisa likajibu. Lucius alikuwa bado ameinamisha kichwa. Alikiinua taratibu, akatazama maboksi, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa akisoma ukurasa wa nyimbo kichwa chini miguu juu.

"Ndugu Pettiford, simama," mchungaji alisema kwa furaha. "Kanisa halikukusahau. Tumekuchangia. Tiketi hii hapa, kiti cha dirishani!"

Tulipiga makofi. Najuta mpaka leo, lakini tulipiga, tena kwa nguvu, kama watu wanaotaka kufunika sauti nyingine. Lucius alisimama ameshika kofia mbele ya tumbo.

"Mechi ni saa nane," alisema.

Makofi yakafa. Mtu akakohoa.

"Lucius, panda treni," Gaines alisema kutoka benchi la mbele. Miguuni pake kulikuwa na boksi kubwa kuliko yote.

"Timu ya Paducah iko njiani, Bwana Gaines. Wametoka alfajiri."

"Basi wakifika wape maji."

"Na Korongo?"

Gaines aliona watu mia saba wanamtazama. Nadhani alitaka kuliahirisha, lakini treni haingoji. "Nimeona nilichotaka kuona. Lile basi naliuza kesho. Kwenye nyumba mtakaa mpaka mwisho wa mwezi wa saba, sina haraka." Akafikiri, akaongeza kwa upole, "Na viti vyangu sitini virudi leo, kesho nina maziko."

Nje, watu walimpita Lucius kama maji yanavyolipita jiwe, wakimgusa bega, "Pole, Ndugu Pettiford," na kuharakisha kuelekea stesheni. Verdell alibaki mbele yake, boksi kifuani.

"Hata wewe," Lucius alisema.

"Hata mimi. Humu mna mapaja mawili ya kuku. Moja nilikukatia wewe. Nilijua ukijua utakuja, halafu nikajua ukijua hutakuja."

"Nyumba inakwenda, Verdell."

"Nyumba imeshakwenda. Nikibaki haitarudi. Lakini ukisema nibaki, nabaki."

Filimbi ya treni ililia. Lucius alimtazama mkewe, kofia yake ya bluu iliyogeuzwa utepe ili ionekane mpya, vidole vyake vilivyoliwa na sabuni. "Nimekasirika mpaka naona nyota," alisema. "Lakini nenda. Umwangalie vizuri anavyosimama na gongo lake la kupigia mpira. Gazetini hawaonyeshi miguu."

Verdell alikimbia. Alikuwa na miaka hamsini, na sijawahi kumwona akikimbia kabla ya siku hiyo.

* * *

Wa Paducah walifika, na mechi ikachezwa. Ernestine, aliyebaki kwa sababu asingeweza kumtazama baba yake machoni kama angekwenda Cincinnati, alikaa getini na kukata tiketi arobaini na moja. Walikuja wenye miguu mibovu, waliokosa nafasi, na mmoja anayeogopa treni. Katikati yao alikaa Shemasi Hollis, mguu wake wenye jongo juu ya kiti cha wafiwa na redio ya betri mapajani, sauti ya Cincinnati ikitoka humo. Watu walimsogelea mpaka uwanja mzima ukawa na benchi moja lililojaa.

"Shemasi, zima hicho kitu," Lucius alimwambia. "Mbele yako kuna mechi."

"Naangalia kwa macho, mwanangu. Masikio yangu hayana kazi."

Lucius aliapa hatasikiliza. Duru ya tatu alikuwa amesimama kwenye uzio. Duru ya tano alikuja kukagua benchi karibu na pale, kama lina msumari. Duru ya saba alimwuliza Hollis, kwa dharau, "Hao wenu wanaendeleaje?" Duru ya tisa, ile ya mwisho, alikuwa amechuchumaa, sikio lake linakaribia kugusa redio, na uwanja alioupaka rangi kwa mikono yake uko mgongoni mwake.

Korongo walikuwa nyuma kwa pointi moja. Palikuwa na mtu kituo cha kwanza, na Spoon Beasley, amenyoa vizuri, alikuwa anakwenda kusimama na gongo. Lakini redioni yule mtu wa Brooklyn alikuwa kituo cha tatu, kimebaki kile cha nyumbani tu apate pointi, anasogea, anarudi, anasogea, mtangazaji anapandisha sauti, na mara, mrushaji akiwa bado ameshika mpira, "Anakimbia! Anakimbia nyumbani!"

Watu arobaini na mmoja waliinuka pamoja. "Kafika! Kafika!" Kofia ziliruka. Yule anayeogopa treni alikuwa anabusu kila mtu. Hollis alisimama kwa mguu wenye jongo. Lucius alimkumbatia shemasi na redio yake, analia, anapiga kelele mpaka sauti ikakwaruza, maana raha ile ilikuwa ya kweli, na hakuipenda hata kidogo.

Alipogeuka kufuta macho aliona wachezaji wa Paducah wamesimama wima, wote wanatazama upande mmoja, mbali, nje ya uzio. Mpira haukuwepo; ulikuwa umepigwa huko. Spoon alikuwa anapita kituo cha pili, polepole, kwa yale magoti yake. Amevua kofia. Anawapungia mkono watu waliosimama wakimshangilia, na uso wake umelowa machozi.

Ukiuliza leo ni nani aliuona mpira wa mwisho uliopigwa nje ya uzio katika historia ya Korongo, watu mia saba watakwambia walikuwa Cincinnati, na arobaini na mmoja watakwambia walikuwepo. Hakuna anayesema uongo, na hakuna aliyeuona.

Jua lilipoanza kushuka, Ernestine alikuwa anakunja viti vya Gaines. Lucius alikuwa anang'oa vifuko vya vituo ardhini. Spoon alikuja na jezi yake mkononi, bado anapumua kwa nguvu.

"Miaka kumi na saba, mzee," alisema. "Watu wachache, lakini umewasikia? Shemasi Hollis kasimama! Kwa mguu ule!"

"Nimemwona."

"Timu ife, nyumba iende, sijali. Leo nimeshangiliwa." Akamsaidia kuvuta kituo cha tatu kilichogoma. Kisha akamtazama, kwa wasiwasi kidogo, kama mtu anayetaka kuhakikisha hajaota. "Niambie kweli. Wewe unayejua kila kitu cha Korongo. Umewahi kusikia makelele kama yale uwanja huu?"

Ernestine aliacha kukunja viti. Lucius alipangusa udongo mikononi.

"Sijawahi, Spoon," alisema. "Tangu 1923, sijawahi."